Kafyu Mbili Chini ya Mlima Kenya

Jioni ya Ijumaa, tarehe 27 Machi 2020, saa moja ilipotimu, maduka ya mjini Nyeri yalikuwa yamekwisha kufungwa, matatu za Karatina na Othaya zimekwisha kutoweka stejini, na raia waliozoea kurudi nyumbani taratibu huku wakisalimiana njiani walikuwa wamejifungia ndani na watoto wao, kwa kuwa huo ndio uliokuwa usiku wa kwanza wa kafyu iliyotangazwa na Rais Uhuru Kenyatta ili kuzuia maradhi ya korona yasienee nchini. Usiku huohuo, katika nchi iliyokuwa ikitutawala zamani, Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri Mkuu wa Uingereza, Boris Johnson, alimtia garini mkewe aliyekuwa na dalili za ugonjwa, pamoja na mtoto wao wa miaka minne, akatoka London na kushika njia ya Durham, safari ya zaidi ya kilomita 400, ilhali serikali aliyokuwa akiishauri ilikwisha waamuru raia wote wakae majumbani mwao, na yeyote mwenye dalili asivuke kizingiti.

Kadhia ya Cummings ilifichuliwa na magazeti ya Guardian na Daily Mirror tarehe 22 Mei mwaka ule. Siku tatu baadaye aliketi nyuma ya meza ndogo katika bustani ya makao ya Waziri Mkuu, akawasomea waandishi wa habari maelezo marefu: kwamba alihofu yeye na mkewe wakilemewa na maradhi kwa pamoja mtoto wao atakosa mlezi, ndiyo sababu akaenda karibu na jamaa zake, na kwamba tarehe 12 Aprili, alipokwisha pata nafuu, aliendesha gari hadi mji wa Barnard Castle, mwendo wa nusu saa hivi, ili ajaribu kama macho yake yanaona sawasawa kabla ya kuianza safari ndefu ya kurudi London. Hakuomba radhi wala hakujiuzulu. Polisi wa Durham walisema kuwa huenda safari ile ya Barnard Castle ilikuwa uvunjaji mdogo wa amri, lakini hawakumchukulia hatua yoyote, na Waziri Mkuu akasimama upande wake. Aliyejiuzulu alikuwa mtu mwingine, waziri mdogo aitwaye Douglas Ross, aliyeeleza kwamba hawezi kuwaambia wapiga kura wake, ambao baadhi yao walikosa hata kuwaaga wapendwa wao, kuwa wote walikosea na mshauri peke yake ndiye aliyefahamu sheria barabara.

Udhuru wa mtoto ni udhuru mzito, wala hakuna mzazi ambaye hautamgusa moyo. Laiti Cummings angekuwa mzazi wa pekee katika Uingereza nzima aliyekuwa na mtoto mdogo na homa kali, watu wangalimwonea huruma na mambo yakaishia hapo. Lakini kila nyumba ilikuwa na udhuru wake, na watu kwa maelfu walikuwa wameziweka dharura zao kando kwa kuwa waliambiwa kuwa ugonjwa hautazuilika mpaka kila mtu afanye hivyo. Wakaja kugundua baada ya miezi miwili kwamba mmoja wa wale waliokaa karibu kabisa na chanzo cha amri alijipa ruhusa ambayo wao hawakuthubutu hata kuiomba. Watafiti wa chuo cha University College London, ambao tangu mwanzo wa janga walikuwa wakiwahoji watu wengi mara kwa mara, waliandika katika jarida la Lancet mwezi Agosti 2020 kwamba imani ya watu wa England kwa serikali yao ilishuka ghafla katika siku zilezile za kadhia ile, ilhali Scotland na Wales, ambako serikali nyingine ndizo zilizosimamia mambo ya afya, hapakuonekana mteremko wa namna ile.

Kwa watu wa Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru, lipo jina lenye uzito kuliko Barnard Castle, nalo ni Daraja la Chania. Tarehe 6 Aprili 2020 Rais alipiga marufuku kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake, na upande wa kaskazini mpaka uliotajwa ulikuwa ni daraja hilo la Thika, pale ambapo barabara ya kwenda mlimani huuvuka mto Chania ushukao kutoka Nyandarua. Zuio hilo lilidumu hadi tarehe 7 Julai. Mgeni anaweza kudhani kuwa kufunga barabara moja kwa miezi mitatu ni jambo dogo, lakini Nairobi na vijiji vya mlimani, kwa jinsi watu wetu wanavyoishi, ni nyumba moja yenye milango miwili: mume yuko kazini Industrial Area na mke yuko shambani Tetu, binti yuko chuoni mjini na bibi yake yuko Mukurweini akingoja dawa ya shinikizo la damu itumwe kwa matatu, na fedha za karo, za mbolea na za hospitali hupita juu ya daraja lile kila siku ya Mungu. Malori ya mboga kutoka Karatina yaliruhusiwa kupita, maadamu mji haungeweza kukaa bila chakula. Binadamu hawakupita ila wenye kibali.

Na ugumu haukuwa barabarani tu. Matatu za abiria 14 ziliamriwa zichukue 8, na nauli ikapanda juu ya watu ambao mapato yao yalikuwa yakishuka. Shule zilifungwa tangu katikati ya Machi, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari ya mwaka uliofuata. Mabaa na vilabu vilifungwa, na wale waliokuwa wakiishi kwa kazi ya usiku, kuanzia mchoma nyama wa Kamakwa hadi mwendesha bodaboda, wakabaki bila riziki. Asiyevaa barakoa alikabiliwa na faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, na shilingi 20,000 kwa mchumaji chai wa Othaya ni fedha ambazo hashiki mkononi kwa pamoja hata mara moja katika miezi mingi.

Lakini lililouma kuliko yote lilikuwa ni mazishi. Katika nchi ya mlimani mtu hazikwi na watu wa nyumba yake peke yao. Habari ya kifo ikisikika, majirani na jamaa hukutana kila jioni katika boma la marehemu, hupanga, huchanga, huimba na kusali, na siku ya maziko kijiji kizima husimama kusikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa tangu kuzaliwa kwake, watoto wake wakitajwa mmoja baada ya mwingine, mpaka na wajukuu. Amri ya korona iliyaondoa hayo yote kwa mkato mmoja: watu wasizidi 15, shughuli iwe fupi, na mwili uzikwe upesi. Palikuwa na familia ambazo zililazimika kukaa na kuhesabu nani miongoni mwa watoto wa marehemu ataingia katika idadi hiyo na nani atabaki nje ya ua, na wale waliokuwa Nairobi bila kibali waliyaona maziko ya mama yao katika kioo cha simu, kijana mmoja akiwa ameinyanyua simu juu ya kaburi, mkono ukimtetemeka kwa uchovu na kwa kilio, picha ikikatika kila mtandao ulipolegea. Ndipo ilipotokea hata ile habari iliyotangazwa na serikali mwezi Aprili, ya watu waliosafiri kutoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza tupu wakijifanya wafiwa, kisha mmoja wao akapatikana na virusi. Wengi waliisikia kwa ghadhabu, na walikuwa na haki, kwa kuwa walikuwapo wafiwa wa kweli waliokuwa wamezuiwa darajani.

Aliyezitangaza amri hizi karibu kila alasiri alikuwa ni Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya, mwenyeji wa Mukurweini na seneta wa zamani wa Nyeri, ambaye onyo lake kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida ugonjwa utatutendea yasiyo ya kawaida lilienea hata kwa watoto wadogo. Watu wa kwao walimsikiliza, na sharti isemwe kwa insafu kuwa wengi walitii, si kwa kuogopa rungu peke yake, bali kwa sababu waliamini kwamba wazee wao wangeweza kufa. Utii wa namna hii ni hazina kubwa kwa dola, na haupatikani kwa nguvu.

Tena yafaa kukumbuka kuwa katika nchi hii kafyu haikuwa kitu kigeni. Wazee wa Nyeri waliopita umri wa miaka 70 waliifahamu tangu utotoni, katika ile Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza tarehe 20 Oktoba 1952 na kudumu hadi mwanzoni mwa mwaka 1960, ambapo tangu 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na mahandaki, wakachungwa kwa saa za kutoka na saa za kuingia. Katika vijiji vile hapakuwa na amri moja kwa watu wote. Ngati, yaani walinzi waliokuwa upande wa serikali, pamoja na machifu na wenye vyeti vya uaminifu, walitembea, walilima mazao ya biashara, na mwaka 1957 walipiga kura, ilhali jirani zao waliomba ruhusa hata ya kwenda kuchota maji. Sisemi kwamba amri ya mwaka 2020 ilikuwa sawa na ile ya mkoloni, kwa kuwa hii ilikusudia kuokoa maisha na ile ilikusudia kuvunja taifa. Nasema kwamba watu waliolelewa na waliopita katika mambo yale wana sikio jepesi la kutambua pale sheria inapoanza kuuliza jina la mtu kabla ya kuuliza alilotenda.

Basi mwezi Julai 2020, wiki chache baada ya watu wa Uingereza kuulizana habari za Cummings, sisi nasi tukapata kadhia yetu. Johnson Sakaja, Seneta wa Nairobi, ambaye hakuwa seneta tu bali alikuwa mwenyekiti wa kamati maalumu ya Seneti iliyoundwa kushughulikia janga la korona, alikamatwa usiku katika baa moja mtaani Kilimani, saa za kafyu zikiwa zimekwisha kuanza. Alijiuzulu uenyekiti wa kamati, akaomba radhi, akakiri kosa mahakamani, akatozwa faini ya shilingi 15,000. Kwa kulinganisha na Cummings, aliyebaki katika wadhifa wake mpaka Novemba na kuondoka kwa ugomvi mwingine kabisa, huyu wa kwetu alifanya lililo la heshima, na ni dhuluma kumnyima sifa hiyo. Alibaki na kiti chake cha useneta, na Agosti 2022 wakazi wa Nairobi wakamchagua kuwa gavana wao. Hasira ya umma kwetu ilikuwa kubwa kwa siku chache, ikapoa.

Sababu moja ya kupoa kwake, naona mimi, ni kwamba raia walikwisha kuzoea. Rais mwenyewe aliwahi kuwasimulia wananchi mwaka ule jinsi mwanawe alivyotoka usiku kujiburudisha, naye akamkemea na kumuuliza itakuwaje akimwambukiza nyanya yake mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Ilikuwa ni hadithi ya baba anayewapenda watoto wake na mama yake, na alitaka iwe funzo kwa vijana. Lakini aliyekuwa akiisikiliza huko Karatina au Chuka alijua kuwa mwanawe yeye, akikutwa nje saa zile, hatafikishwa mbele ya baba. Kufikia tarehe 5 Juni 2020 Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ile inayojulikana kwa jina la IPOA, ilikuwa imevihusisha vifo 15 na vitendo vya polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu. Rais alikwisha omba radhi mwanzoni mwa Aprili kwa ukatili wa siku za kwanza, na Mahakama Kuu ikaamua mwezi huohuo kuwa kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu zilizopita kiasi zilizotumiwa na polisi ni kinyume cha Katiba. Radhi iliombwa na hukumu ikatoka, lakini rungu halikutua chini.

Wanasiasa nao hawakungoja janga lipite. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2020, mapambano ya urithi wa kiti cha urais yalikuwa yameufikia mlima, na kila Jumapili kulikuwa na harambee ya kanisa hapa na mkutano pale, magari yakiongozana, barakoa zikining'inia kidevuni. Tarehe 4 Oktoba, Naibu wa Rais William Ruto alipokwenda katika kanisa la AIC Kenol, Murang'a, makundi mawili ya vijana yalipambana barabarani, polisi wakarusha vitoa machozi, na watu wawili wakafa. Mwezi mmoja baadaye Rais alipiga marufuku mikutano ya siasa kwa siku 60. Ni kweli kwamba umati wa mikutano hiyo ulikuwa wa raia, waliokwenda kwa miguu yao. Lakini raia yule aliyezuiwa kumzika ndugu yake na watu wanaozidi 15, kisha akamwona mheshimiwa akihutubia maelfu bila kuulizwa, alikwisha kuelezwa kwa vitendo kuwa amri haina tena maana, na hapo sioni jinsi ya kumlaumu sawasawa na yule aliyemwita.

Ndipo tunapofika Kianjokoma, katika kaunti ya Embu, mji mdogo wenye soko na maduka machache, chini ya msitu wa mlima, penye mashamba ya chai na kahawa. Usiku wa Jumapili, tarehe 1 Agosti 2021, kafyu ilikuwa ikianza saa nne. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja wa miaka 22 na wa pili wa miaka 19, wanafunzi wote wawili, ambao mkubwa wao alikuwa amefungua mahali pa kuuza nyama ya nguruwe ili ajipatie riziki, walikuwa wamemaliza kazi na wako njiani kurudi nyumbani saa hiyo ilipopita. Polisi waliwakamata, wakawatia garini. Hawakufika kituoni. Wazazi waliwatafuta, na tarehe 3 Agosti miili yao ikapatikana katika mochari ya hospitali ya Embu. Polisi walisema vijana wale waliruka kutoka katika gari lililokuwa likienda. Uchunguzi wa mpasuaji maiti wa serikali ulionyesha majeraha ya kichwa na ya mbavu, na wakazi hawakukubali hata kidogo kwamba vijana wawili, kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini, wangejitupa barabarani usiku kwa hiari yao.

Hapa ndipo hasira iliyokuwa imelala tangu Daraja la Chania iliposimama. Watu wa Kianjokoma waliingia barabarani, wakachoma matairi, wakakifuata kituo cha polisi, na katika ghasia hizo mtu mwingine akauawa kwa risasi. Maziko ya wale ndugu, tarehe 13 Agosti, yaliwaleta waombolezaji wengi kuliko ambao amri yoyote ya korona ingewaruhusu, wala hakuna aliyethubutu kuwahesabu. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliamuru maofisa sita wa polisi washtakiwe kwa mauaji, nao wakakana mashtaka mbele ya Mahakama Kuu.

Msomaji apime mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati ya korona alitozwa shilingi 15,000 na akalala kwake. Mshauri wa Waziri Mkuu alipewa bustani, meza, na saa nzima ya kujieleza. Ndugu wawili wa Kianjokoma, waliokuwa wamechelewa kwa sababu ya kazi, hawakupewa hata nafasi ya kuandikwa katika kitabu cha kituo. Wote wanne walishikwa na amri za namna moja, zilizowekwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja.

Kafyu iliondolewa nchini kote tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, na Rais aliitangaza habari hiyo katika uwanja wa Wang'uru, kaunti ya Kirinyaga, kati ya mashamba ya mpunga ya Mwea ambayo mifereji yake ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari katika miaka ya hamsini. Umati ulishangilia kwa kelele kubwa, na habari hiyo ilistahili kushangiliwa. Siku yenyewe huadhimishwa kwa sababu ya ile Oktoba 20 ya mwaka 1952, hata hivyo sijui kama kuna aliyewakumbuka siku ile wale vijana wa kaunti jirani, waliokuwa wamezikwa miezi miwili tu kabla yake.

Maradhi mengine yatakuja, na serikali, iwe hii au nyingine, italazimika tena kuwaambia watu wasitoke. Sura ya 6 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kuwa mamlaka ya ofisi ya umma ni dhamana kwa ajili ya wananchi. Basi Bunge na liandike katika sheria ya majanga, kabla ya dharura nyingine kufika, kwamba kiongozi au mshauri wa kiongozi atakayeshtakiwa kwa kuvunja amri ya namna hiyo ataondoka katika wadhifa wake wa kusimamia amri hiyo siku ileile, bila kusubiri kuombwa. Kwamba raia atakayekamatwa kwa sababu ya kuchelewa saa ataandikiwa karatasi ya kufika mahakamani na kuachiliwa aende zake, asipakiwe garini usiku. Na kwamba kila kituo cha polisi, kuanzia Manyatta huko Embu hadi Kilimani, kitachapisha kila mwezi idadi ya waliokamatwa, faini walizotozwa, na waliofikishwa mahakamani wakiwa hai na wazima.